Mashini ya kushona katika nyumba yenye watoto wengi



Kuna swali moja ambalo limerudi mara nyingi sana katika mikutano yetu ya kila juma, na leo tumeamua kulipa nafasi yake. Mama anayependa kushona afanye namna gani ndani ya nyumba ambamo watoto hawanyamazi? Swali halikuulizwa na mafundi wenye kibanda sokoni, wale wana milango yao ya kufunga. Liliulizwa na wamama wanaoshonea nyumbani, kwa sababu mikono yao inapenda kitambaa: mmoja alinunua mashini kwa zamu yake ya likelemba, mwingine aliachiwa na mama yake mzazi, mwingine anashona kwa mkono tu, sindano na uzi, akikaa kwenye kigoda karibu na mbabula.

Tuseme kwanza nyumba zetu zilivyo. Uchunguzi wa taifa juu ya afya uliofanyika mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba wakati huo mwanamke wa Kongo alikuwa anazaa kwa wastani watoto 6,6. Hao ni wa kuzaliwa. Ongeza mtoto wa dada aliyekuja mjini kusoma, ongeza mdogo wa baba watoto anayetafuta kazi, ongeza wale wa jirani ambao wanajua saa unayopakua bukari kuliko wewe mwenyewe. Hapa Lubumbashi tena shule nyingi zina zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana. Wa kwanza wanarudi saa sita na njaa yao, wa pili wanatafuta soksi nyeupe ambayo hakuna aliyeiona. Mama aliyesema atashona “watoto wakienda masomo” anangojea saa ambayo haipo, maana nyumba haibaki tupu hata siku moja.

Pamoja na hayo, hatujasikia mama hata mmoja akisema ataiuza mashini yake. Mmoja wa Katuba alituambia kwamba siku nzima kila kazi anayofanya inaharibika kabla ya jua kuzama: chakula kinaliwa, sakafu inachafuka, nguo alizofua zinarudi na udongo mwekundu. Lakini pindo alilopiga jana, leo bado liko. Anaweza kuligusa. Tulinyamaza kidogo aliposema hivyo, maana kila mmoja alijua anasema nini.

Kwa hiyo tuanze na wakati, kwani hapo ndipo wengi wanashindwa.

Kosa si kukosa wakati. Wakati upo, lakini umekatikakatika kama vipande vya kitambaa vinavyobaki chini ya meza: dakika kumi hapa, robo saa pale, nusu saa wakati mtoto mchanga amelala na mkubwa ameenda kuchota maji. Anayefaulu ni yule aliyejifunza kuzigawa kazi za kushona katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kazi zisizokubali kukatizwa: kupima, kuchora kwenye kitambaa, kukata, kutia mkono wa blauzi, kutia ukosi, kutia zipu. Ukiitwa katikati ya kukata, unarudi na huji tena kama ulikuwa umeacha nafasi ya mshono au hapana, na kitambaa kilichokatwa hakirudi. Fungu la pili ni kazi unazoweza kuweka chini wakati wowote bila hasara: kupiga pindo kwa mkono, kutia vifungo, kufumua, kukunja kingo, kukata nyuzi zilizobaki, kupachika kiraka cha goti la suruali. Hizo zinafanyika huku sombe inatokota na mtoto anakusomea somo lake la kesho.

Wamama wanaomaliza nguo zao wanakata zote siku moja. Wanachagua saa moja ya kweli katika juma: wengine alfajiri saa kumi na moja, kabla jogoo hajaamsha mtu, wengine Jumapili mchana ambapo baba anakubali kuchukua watoto kwa bibi yao. Saa hiyo hawashoni hata mshono mmoja. Wanakata tu, nguo tatu au nne, kisha kila nguo inafungwa na vipande vyake vyote, uzi wake na vifungo vyake ndani ya mfuko wake. Tangu hapo, dakika kumi zikipatikana, mfuko unafunguliwa na kazi inaendelea pale ilipoishia. Mama mwingine anaandika kwa chaki, kwenye kipande cha ubao kilichotundikwa ukutani, hatua inayofuata: “mkono wa kushoto”, “pindo la nyuma”. Alisema hivyo kwa sababu kichwa cha mama mwenye watoto saba si mahali pa kuwekea kitu. Tulicheka, lakini siku ya pili wengine wawili walikuwa wametafuta ubao wao.

Usiku nao ni jambo la kuangalia. Wengi wanasema, watoto wakilala ndipo nitashona. Ni kweli kuna utulivu. Lakini umeme unakatika bila kuaga, na kushona kitambaa cheusi kwa uzi mweusi kwa mwanga wa tochi ya simu ni kujinunulia maumivu ya macho na kazi ya kufumua kesho. Usiku ufanye kazi za mkono zenye rangi nyepesi, ama ulale. Tunasema ulale bila kuona haya. Mama aliyelala saa sita usiku na kuamka saa kumi atawapigia watoto kelele siku nzima, na blauzi haijawahi kuwa na thamani hiyo.

Juu ya mashini yenyewe, sisi tunapendelea ile ya miguu kwa nyumba zetu. Ya umeme inakimbia, kweli, na inashona jinzi bila kulalamika ikiwa na sindano nzito. Lakini umeme ukienda nayo inakuwa meza ndogo ya kuwekea vikombe. Ya miguu inatii mguu wako tu. Haina haraka, mtoto akiita unasimama palepale. Iweke karibu na mlango au dirisha, mwanga uje upande wa kushoto kama unatumia mkono wa kulia, na usiiweke njiani kati ya chumba na jikoni, maana kila anayepita atagusa.

Tena kuna desturi moja ya mafundi wazee ambayo kila mama mwenye watoto anapaswa kuijua. Unapoacha mashini ya miguu, hata kwa kwenda kugeuza bukari tu, toa mkanda kwenye gurudumu. Ni sekunde mbili. Mkanda ukiwa nje, mtoto atakanyaga kanyagio mpaka achoke na sindano haitasogea. Mkanda ukiwa ndani, mmoja anakanyaga na mdogo wake anaweka kidole chini kuona kinachoruka. Ajali hiyo haihitaji ukatili wa mtu wala ujinga wa mtu, inahitaji watoto wawili na nusu dakika. Kwa ya umeme, ng’oa waya ukutani na uweke kanyagio juu.

Sindano ikishamchoma mtoto, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, halafu umpeleke kwenye kituo cha afya. Kama kipande cha sindano kimevunjikia ndani, usikichimbe mwenyewe kwa sindano nyingine. Pale kituoni uliza pia kama chanjo yake ya pepopunda iko kamili.

Tuendelee na sindano, kwa sababu ni ndogo na ndiyo yenye hatari kubwa. Tunajua wamama wanaoweka sindano na pini kifuani, kwenye blauzi waliyovaa. Mafundi wote wanafanya hivyo, na ni sawa kama huna mtoto wa kunyonyesha. Mwenye mtoto mchanga asifanye. Weka sindano za mkono zikichomekwa kwenye kipande cha sabuni kilichokauka. Zinapita vizuri kwenye kitambaa na hazipotei. Pini zihesabu: ulianza na ishirini, maliza na ishirini. Na kama una redio mbovu nyumbani, mwambie kijana wako atoe spika, maana nyuma ya spika kuna sumaku. Ifunge kwenye kitambaa, uipitishe chini kila unapomaliza kushona, kabla mtoto anayetambaa hajapita. Utashangaa itakachookota.

Mtoto akimeza sindano, pini au kifungo, usimtapishe. Usimpe tonge kubwa la bukari ili “lisukume”. Hiyo desturi tunaijua sote, bibi zetu walitufundisha kwa miiba ya samaki, lakini kwa kitu chenye ncha inaweza kuongeza jeraha. Mpeleke hospitali apigwe picha, wajue kiko wapi. Na betri zile ndogo za duara, zinazokaa kama kifungo ndani ya saa na vitu vya kuchezea vya watoto, ni mbaya kuliko sindano: zikikwama kooni zinaunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu. Watu wengi wanaziweka katika kopo lilelile la vifungo bila kufikiri. Angalia kopo lako leo.

Pasi ya makala nayo ina mambo yake. Iwashe nje, siyo ndani, na usiiache ipoe ndani ya chumba kilichofungwa, zaidi sana mwezi wa sita na wa saba ambapo baridi inatufanya tuzibe kila tundu. Moshi unauona, lakini kile kinachoua katika makala hakionekani wala hakina harufu. Na mtoto akiungua, ni maji. Maji ya kawaida ya baridi, yakipita juu ya kidonda dakika 20, siyo dawa ya meno, siyo mafuta ya mawese, siyo yai. Kisha funika kwa kitambaa safi. Kama ni mtoto mchanga, ama kidonda ni kikubwa, ama kiko usoni au mkononi, kituo cha afya mara moja.

Basi, hatukuja kuogopesha mtu. Watoto hawako nyumbani ili kuumia tu; wanaweza pia kusaidia, na wengi wanasumbua kwa sababu hawajapewa kazi. Mtoto wa miaka mitano au sita achague vifungo kwa rangi (baada ya kuhakikisha kopo halina betri). Wa miaka minane anaweza kuokota pini kwa sumaku na kuviringisha uzi. Wa kumi anafumua vizuri kuliko sisi, kwa sababu macho yake ni mapya na hana hasira na ule mshono. Na wamama waliopita miaka 40, ambao sasa wanasogeza sindano mbali na uso ili waione, wanajua baraka ya mtoto anayetunga uzi: unamwomba kila asubuhi atunge sindano kumi kwenye uzi mrefu, unazichomeka kwenye sabuni, siku nzima unachukua moja moja.

Wape pia kitambaa chao. Vipande vinavyobaki, siyo vile unavyovitaka kwa kazi nyingine. Msichana mmoja wa Ruashi, miaka saba, ana mwanasesere wa mti aliyevaa vizuri kuliko wengi wetu siku ya harusi.

Na wavulana? Tumesikia baba mmoja akimwambia mwanawe, “Weka chini ile sindano, wewe ni binti?” Tunamwomba baba huyo, kwa heshima yote, aende soko la Kenya ama soko lolote la mji huu, aangalie waliokaa nyuma ya mashini. Wengi wao ni wanaume wenye wake na watoto, wanalipa nyumba kwa sindano hiyohiyo. Kijana anayejua kujitilia kifungo hatamngojea mke wake kwa kifungo. Hatuoni hasara ilipo.

Sasa tunafika mahali ambapo mazungumzo yetu yalikuwa magumu.

Katika mkutano mmoja tuliulizana: wakati mashini inakimbia, mtoto mchanga yuko mgongoni mwa nani? Wengi walijibu kwa upesi na kwa neno moja: mgongoni mwa msichana mkubwa. Mwanzoni hakuna aliyeona ubaya. Sisi pia tulibeba wadogo zetu, ndivyo tulivyojifunza kuwa mama. Lakini mwenzetu mmoja aliinua mkono, akasema jambo lake kwa sauti ya chini. Binti yake ana miaka 12, anasoma zamu ya mchana. Karibu na sikukuu ya tarehe 8 mwezi wa tatu, wakati vitenge vya wamama vinaletwa vingi na kila mtu anataka chake jana, alimbakisha nyumbani siku moja, halafu mbili, halafu juma. Siku aliyorudi shuleni mwalimu alimuuliza alikuwa wapi. Jioni binti akamsimulia mama yake:

“Nilimwambia kitenge cha mama wa watu kilikuwa hakijaisha.”

Hakulalamika, mama yake alisema. Aliongea tu kama mtu anayetoa habari. Na hilo ndilo lililomuumiza, kwamba mtoto aliona ni jambo la haki.

Hapo mkutano ukagawanyika. Mmoja wetu mkubwa wa umri alisema: “Binti yangu, usijitese. Pesa ya kile kitenge si ndiyo iliyomnunulia madaftari?” Mwingine akamjibu: “Mama, ndiyo, lakini daftari bila kalasi linafanya nini?” Tuliongea mpaka jua likazama na hatukukubaliana yote. Sisi tunaoandika hapa tunasema tunavyoona. Kubeba mdogo saa moja baada ya shule ni malezi, na hakuna atakayetuambia vingine. Kukosa kalasi ili kitenge cha mtu kiishe si malezi, ni kumlipa mteja kwa mali ya mtoto. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serikali, na tangu Septemba 2019 wazazi wengi wameona ubure huo ukianza kutekelezwa. Kalasi zimejaa, kweli, watoto wamebanana kwenye viti. Lakini kiti cha binti kikiwa kitupu mara nyingi, kinapata mwenyewe mwingine.

Na msichana si wa pekee nyumbani. Kaka yake wa miaka 14 ana mgongo pia.

Lililosaidia baadhi yetu ni kuungana wawili wawili. Wamama wawili wa parsela jirani wanabadilishana siku: Jumanne mmoja anashona na mwingine anachukua wadogo wote, Alhamisi inageuka. Saa tatu tu. Si pesa, si chama kipya, wala hakuna karatasi ya kusaini. Yule wa kukaa na watoto hajaribu kufanya kazi nyingine ya maana saa hizo, maana hapo ndipo ugomvi unaanza. Tumeona wawili wameendelea hivyo tangu mwanzo wa mwaka wa shule, na jozi nyingine imevunjika baada ya majuma matatu kwa sababu ya mtoto aliyeuma mwingine. Chagua vizuri.

Baba watoto naye ana neno katika jambo hili, na mara nyingi neno lenyewe ni: “Mashini inakula nyumba.” Wamama wengine wanajibu kwa kunyamaza na kuficha mashini chini ya kitenge akiingia, kama watoto walioiba sukari. Hatupendi hilo. Wengine wanafikiri bado sheria inamtaka mke apate ruhusa ya mume kwa kila jambo la kazi na pesa. Sheria ya jamaa ya 1987 ndiyo iliyotaka hivyo. Ilirekebishwa tarehe 15 mwezi wa saba 2016, na ruhusa ile ikaondolewa. Sasa inasema wote wawili, mume na mke, wakubaliane kwa mapatano yanayowafunga. Maana yake ni maongezi, siyo amri, na maongezi yanakwenda vizuri zaidi na daftari mkononi. Mwenzetu wa Kampemba aliandika kwa mwezi mmoja kila nguo aliyoshonea nyumba yake, na bei ambayo fundi wa sokoni angeomba: sare za watoto wanne, mashati meupe, suruali na sketi za buluu, suruali ya baba iliyogeuzwa kiuno, mapazia. Hakuongeza kitu. Alimsomea mume wake Jumapili baada ya chakula. Mume alinyamaza, akauliza, “Na kile kiti unachokalia, hakikuumizi mgongo?” Siku iliyofuata alileta kiti chenye egemeo.

Si kila mume ataleta kiti, tunajua.

Juu ya majirani tutasema kidogo tu, kwa sababu kila mama anayeshona anaijua habari yenyewe. “Mama, nishonee kidogo tu, ni mshono mmoja.” Mshono mmoja unakuwa blauzi, blauzi inakuwa sare za kwaya. Kama unashona kwa kupenda, una haki ya kusema hapana na kubaki rafiki. Kama unakubali, chukua nusu ya pesa kabla ya kukata, taja siku, na usipokee kitambaa cha pili kabla cha kwanza hakijatoka. Ambaye hawezi kutoa nusu ya franka kabla, hatatoa zote baadaye. Wengine watasema sisi ni wagumu. Tumeona vitenge vilivyoshonwa vikakaa kabatini miezi sita vikingojea mwenyewe.

Turudi kwenye kitambaa, ambacho ndicho kilichotuleta hapa. Kitenge kizima ni yadi 6, karibu mita tano na nusu. Mama zetu walizigawa mara tatu, yadi mbili mbili: za libaya, za kujifunga chini, na za kujifunga juu yake ama kubebea mtoto. Siku hizi mitindo inakula kitambaa kingi, mikono mikubwa kama mabawa, na ile sehemu ya tatu inapotea. Sisi tungependa irudi, maana mtoto bado anabebwa. Zamani vitambaa hivi vilifumwa hapahapa nchini, Filtisaf ya Kalemie, Utexafrica ya Kinshasa, Sotexki ya Kisangani, na wazee wetu walijua kitambaa cha kiwanda gani kitapauka. Leo vingi vinatoka ng’ambo, na vya bei ya chini vinaacha rangi kwenye maji ya kwanza. Kwa hiyo loweka kitambaa cha pamba usiku mmoja, kianike kivulini, kipige pasi, ndipo ukate. Kitakachopungua kipungue kabla ya kuvaliwa.

Kwa nguo za watoto, acha pindo la chini lenye upana wa vidole vinne, na ndani ya mshono wa ubavuni acha nafasi ya kupanua. Sketi ya Septemba iliyoshonwa hivyo inafika Septemba nyingine kwa kufumua pindo tu. Mstari wa zamani ukionekana, ufunike kwa utepe. Shati jeupe lishone na mfuko, na kata kipande kimoja zaidi cha kitambaa hichohicho ukiweke: mfuko ndio unaopasuka wa kwanza, kwa kalamu, na kiraka cha kitambaa kipya juu ya shati lililofuliwa mara thelathini kinaonekana kutoka barabarani. Kwa hiyo kile kipande cha akiba kifuliwe pamoja na shati kila mara, kizeeke nalo.

Vipande vidogo vya pamba usivitupe. Tabaka nne au tano za pamba laini, ndani kitambaa cha taulo lililochakaa, zinamtosha binti kwa siku zake za mwezi. Zifuliwe kwa sabuni, zianikwe juani zikauke kabisa, siyo zifichwe zikiwa na unyevu chini ya godoro. Mshone pamoja naye, mlango umefungwa. Wamama kadhaa walituambia kwamba ndiyo mara ya kwanza binti yao aliwauliza maswali yale ambayo wao wenyewe hawakuthubutu kuuliza mama zao. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye sindano, maneno yanatoka.

Juma lijalo wenye spika mbovu wazilete kwenye mkutano. Kuna kijana wa jirani anayejua kuzifungua, na sumaku zitagawiwa kwanza kwa wenye watoto wanaotambaa.